Insha Yangu Mikononi mwa Watu

Jumamosi ile niliposhuka kwenye basi la Kerenge pale Korogwe, nilikuwa nimevaa gauni langu la rangi ya samli, lile ambalo Mdoe aliwahi kuniambia kwamba likipita mtaani hata reli inajinyoosha. Uongo mtupu. Reli ya Tanga ilikuwa imenyooka tangu enzi za Wajerumani. Lakini mwanamke gani hapendi kudanganywa na mtu anayejua kudanganya?

Nyuma yangu alishuka baba, Mzee Mhina, kanzu imepigwa pasi, koti juu yake, na mkononi bakora aliyoibeba kwa heshima tu, maana miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu. Alisema amekuja kununua msumeno. Nilimjua baba yangu. Alikuja kuliona jengo ambalo bintiye angefanyia mtihani wa kidato cha nne Jumatatu, ili akirudi Kerenge awe na la kusimulia.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, daraja C, na mwaka ule wa 1973 nilikuwa nikija Korogwe kila Jumamosi kwenye darasa la watahiniwa wa kujitegemea. Tulikuwa walimu, makarani, wauguzi, watu wazima wenye kazi zao tuliokuwa tunakifukuzia cheti kilichotupita utotoni. Masomo mengine niliyamudu. Fasihi ya Kiingereza niliipenda, na sioni haya kusema kwamba darasani hapakuwa na mtu aliyeandika insha kama mimi. Najisifu? Naam, najisifu. Kizuri chajiuza, lakini hata hicho kizuri kinapenda kusikia bei yake.

Na kwangu mtihani ule ulikuwa mzito kuliko cheti. Muhidini, mtoto wa mjomba, alikuwa ameleta posa, na kwetu mtoto wa mjomba hakataliwi hivi hivi. Hakuwa mtu mbaya. Mpole, mkulima hodari, michungwa yake ilikuwa inapendeza kuitazama. Tatizo ni kwamba moyo wangu haukuwahi kumgeukia hata mara moja. Kisha akaja mshenga wa pili kutoka Handeni, ametumwa na wazazi wa Mdoe, karani mpiga taipu niliyekuwa nikisoma naye darasa lile la Jumamosi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama Handeni wameshapata maji.

"Binti yangu ni mwalimu," baba alisema, "aamke alfajiri kufuata kisima? Na huyo kijana kazi yake nini? Kupiga taipu maneno ya watu wengine!"

Nililia, nikagoma kula, nikasema yote ambayo binti hatakiwi kusema. Mwisho baba akatamka mbele ya wazee wa pande zote: "Basi. Mwaija akifaulu kidato cha nne atajichagulia mume mwenyewe, nami nitatia mkono. Akishindwa ni wa Muhidini, na sitaki kusikia kilio." Baba hakuwa mtu wa kurudisha neno alilolitoa mbele ya wazee. Kuanzia siku ile mshenga wangu wa kweli akawa kalamu.

Tulipolikaribia jengo la darasa nilisikia mvumo kama wa chuo cha Kurani. Uani watu wazima walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja ana karatasi mkononi, wanayumba mbele na nyuma, macho wameyafumba, midomo inakwenda. Hata Wakristo walikuwa wanayumba. Ndivyo tulivyokariri sisi watu wa huku. Mtu aliyefundishwa juzuu na maalimu akiwa mdogo, hata umpe Kiingereza cha Malkia atakiyumbia.

Rafiki yangu Shida, muuguzi mwenye sauti ya kengele, aliniona akaruka kutoka kwenye benchi. "Mwenyewe huyo! Mwandishi amefika! Jamani, simameni!"

"Mwandishi wa nini?"

"Usijifanye. Tunayo tangu Jumamosi iliyopita, ile ambayo hukuja." Akanikabidhi karatasi yake.

Ilikuwa insha yangu, ile ya ule mchezo wa kuigiza wa Kiingereza tuliokuwa tunausoma. Imepigwa taipu, imetolewa kwa mashine ya kudurufu, wino mweusi bado unanukia. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: IMEANDIKWA NA MWALIMU MWAIJA MHINA, KERENGE. Nikatega sikio. Maneno yaliyokuwa midomoni mwa watu uani pale yalikuwa maneno yangu, sentensi zangu nilizozihangaikia kwa taa ya chemli. Nisikufiche, msomaji: nilivimba.

Baba alinipokonya karatasi. Kiingereza hakukijua, lakini mwaka ule alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima na hakuna bango lililompita bila kusomwa. Akaweka kidole chini ya mstari.

"M-hi-na," alisoma polepole. "Mhina. Ke-re-nge." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwaija. Hili ni jina langu."

"Ndilo, baba."

"Na hawa wote wanalisoma?"

"Wote, baba."

Aliikunja karatasi ile, akaitia mfuko wa ndani wa koti, kifuani. Shida akabaki mikono mitupu na hakuthubutu kuidai.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Isaka, aliyekuwa akitufundisha fasihi, Msambaa wa Bumbuli, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Wiki ile nzima alikuwa kwao kwenye msiba. Alisikiliza ule mvumo, akaiangalia karatasi moja, akaiangalia ya pili, akanivuta pembeni.

"Nani amefanya hivi?"

"Sijui, mwalimu. Lakini si imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri mno. Msahihishaji anafungua karatasi ya kwanza kutoka Korogwe, anakuta insha hii. Anafungua ya pili, insha hii. Ya kumi, hii hii, mpaka nukta. Unadhani atauliza mwenye mali ni nani? Atapiga mstari mwekundu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wewe umo."

Nilihisi ardhi ya Korogwe inanitoka miguuni. Niliona michungwa ya Muhidini, safu kwa safu, na mimi katikati yake na ndoo kichwani. Nani mwingine angekuwa nayo ile insha? Nilimpa mtu mmoja tu, asome yeye peke yake, kwa sababu nilitaka anipende zaidi.

Mdoe alikuwa kwenye ofisi yake ya kupiga taipu, hatua chache kutoka darasani, anasugua wino mikononi kwa mafuta ya taa. Aliponiona mlangoni alisimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Mrefu, mweusi wa kung'aa, na ule mwanya wake uliokuwa unanivurugia mahesabu kila akicheka.

"Mwalimu wangu," alisema. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Ukafurahi?"

"Mdoe, nani alikutuma?"

Kicheko kilimpungua kidogo. "Nitumwe na nani? Nilitaka mwenyewe. Tumebaki siku chache, watu wanahangaika hawana notsi, nami nimekalia insha ya dhahabu. Kila siku tunaambiana tugawane. Nikasema, hii haifai kukaa mkobani mwa mtu mmoja. Na waione, Mwaija. Wamjue huyu ninayemtaka ni mtu wa namna gani."

"Uliisoma?"

"Swali gani hilo? Nimeipiga taipu mwenyewe neno kwa neno. Tafuta herufi moja iliyokosewa, nipe adhabu."

"Sijakuuliza herufi. Nimekuuliza, inasema nini?"

Aliichukua karatasi moja mezani, akaitazama kama anaiona leo.

"Mpiga taipu hasomi maana," alisema kwa sauti ndogo. "Akifuata maana, herufi zinampotea. Ndivyo tulivyofundishwa. Macho kwenye herufi, akili mbali."

"Basi nikusomee mimi. Kuna msichana anaitwa Agatha. Alitunga wimbo mmoja tu maishani, wa kumlilia mama yake, akamwimbia mchumba wake Robert, yeye peke yake, mlango umefungwa. Robert ni fundi wa kengele. Kwa majivuno ya kuwa na mchumba kama yule akafua kengele za kanisa ziupige ule wimbo, kila Jumapili, kijiji kizima kisikie. Hakumuuliza. Agatha akamwacha, hakumsamehe mpaka pazia linafungwa. Na mimi, Mdoe, kurasa zote hizo ulizozipiga taipu bila kukosa herufi, nimeandika kwamba Agatha alifanya sawa."

Kule kituoni treni ya mizigo ilikuwa inagonganisha mabehewa. Mdoe aliiweka karatasi mezani polepole, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga mtoto gizani.

"Nitazikusanya," alisema. "Zote. Leo hii."

"Karatasi utazikusanya. Vichwa utavikusanyaje? Wanayo wiki nzima. Hata usingizini wanaisema. Na mimi Jumatatu niandike nini? Nikiandika yangu, nimeiba yangu. Unajua baba alisema nini mbele ya wazee. Unajua!"

"Mwaija, nilitaka watu wakuone ninavyokuona mimi."

"Kuonwa na wewe kulinitosha!"

Neno hilo lilinitoka kwa sauti iliyovunjika, na nilichukia kuvunjika kwake. Alinyoosha mkono wake ule wenye wino. Nikarudi nyuma.

"Usiniguse, una wino. Jumatatu tutakaa chumba kimoja. Usinitazame."

"Na baada ya Jumatatu?"

Kabla sijamjibu bakora iligonga kizingiti. Baba aliingia, kifua mbele, karatasi yake iko ndani ya koti.

"Nimeambiwa aliyeliweka jina langu kwenye mashine yuko humu."

"Shikamoo mzee," Mdoe alisema, akiinama karibu aguse sakafu.

"Marahaba, marahaba. Ni wewe? Wewe ndiye yule wa Handeni?"

"Ndimi, mzee. Wa Sindeni."

"Maji mmepata?"

"Wanachimba, mzee."

"Watapata, watapata. Mungu hamtupi mja wake." Baba akanigeukia, anang'aa. "Mwaija, kijana huyu ana heshima. Nimeishi miaka yote hii, nimelipa kodi, nimelima, jina langu halijapata kupigwa chapa. Huyu amelipiga kwa herufi kubwa! Ndugu zako wangapi wameweza?"

"Baba, twende."

"Mbona umenuna? Si juzi ulikuwa unamlilia, hata chakula hukutaka?"

"Juzi ilikuwa juzi."

Baba alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni: siku baba yangu alipompenda Mdoe ndiyo siku niliyomkataa.

Jumapili nilishinda kwa shangazi yangu, mtaa wa Manundu. Shangazi alinisongea bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na sikuweza kumeza. Kila nilipotaka kuandika kitu kipya kuhusu Agatha, kalamu ilirudi kwenye njia yake ya zamani kama ng'ombe anayejua zizi. Nilichana, nikaanza tena, nikachana.

"Una nini wewe?" shangazi aliuliza.

"Nimeibiwa, shangazi."

"Na nani?"

"Na mtu anayenipenda."

"Huyo ndiye mwizi mgumu," alisema, akaenda kuanua nguo.

Jumatatu swali lilitoka. Mwalimu Isaka alikuwa ametutabiria kwa miezi kadhaa, na lilitoka kama alivyosema: Agatha alikuwa na haki ya kutomsamehe Robert, jadili. Chumba kizima kilishusha pumzi. Mbele yangu mgongo wa mtu ulianza kuyumba. Kalamu zikaanza kukimbia, na nilijua kabisa zinakimbilia wapi.

Nilikuwa nimemwambia Mdoe asinitazame, na kweli hakunitazama. Mimi ndiye niliyemtazama. Alikuwa karibu na dirisha, shati limejaa vumbi jekundu la barabarani, macho mekundu, ameiinamia karatasi yake. Nilimtazama mpaka msimamizi akakohoa.

Basi nikashika kalamu, nikaamua kuandika kinyume changu. Nilianza kwa hasira, ili tu nisifanane na wenzangu. Niliandika kwamba Agatha alikuwa na haki ya kukasirika. Hilo sikulitoa na silitoi hata leo. Lakini nikauliza jambo ambalo insha yangu ya kwanza haikuuliza: je, Agatha aliwahi kuzisikiliza zile kengele? Kila Jumapili alifunga dirisha. Hakujua kwamba katika ule wimbo hakuna sauti hata moja iliyokosewa. Robert aliyeyusha shaba majira yote ya baridi, akaungua mikono, akafua na kufuta, mpaka wimbo wa mwenzake ukatoka kama ulivyotungwa. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya sifa zake mwenyewe. Alikosa adabu ya kuuliza, mapenzi hakuyakosa. Kisha nikaandika sentensi ambayo nimeikumbuka maisha yangu yote: kuna kiburi cha mtu anayejivunia nafsi yake, na kuna kiburi cha mtu anayejivunia mwenzake, na hiki cha pili, hata kikituumiza, hatuna haki ya kukihukumu sawa na kile cha kwanza.

Nilikuwa naandika kuhusu Waingereza wa kwenye mchezo wa kuigiza, na machozi yangu ya Kizigua yalikuwa yanadondoka mezani. Lakini msinione nimelainika. Mwisho niliongeza kwamba hata hivyo Robert angeuliza kwanza. Sikumwachia bure.

Tulipotoka, Shida alinikamata mkono. "Umeandika ile?"

"Hapana. Wewe?"

"Nimechukua mawazo, maneno nimetia yangu. Si Mdoe jana alikuja mpaka kwangu, nakanda unga wa chapati, baiskeli imejaa vumbi. 'Shida, ile insha iacheni, itawaua.' Nikamwambia, umetulisha wiki nzima, leo unatuambia tuteme? Akaniomba karibu apige magoti. Na si mimi tu. Amekwenda Korogwe ya zamani, amekwenda mpaka Hale kwa wale mafundi wa umeme. Wengine wamemsikia, wengine wamemfukuza."

"Siku nzima?"

"Mchana kutwa. Kitabu hakukishika. Na sikia hili, nilikuwa nyuma yake: lile swali hakuligusa. Ameandika lile la mashairi, ambalo Mwalimu Isaka alituambia tulikimbie."

Nilimkuta Mdoe langoni, anafunga mnyororo wa baiskeli uliotoka. Safari hii aliniangalia, akakumbuka, akashusha macho.

"Kwa nini uliliruka?" nilimuuliza. "Insha nzima unayo kichwani, hata nukta zake. Ungebadili maneno mawili matatu."

"Haikuwa yangu," alisema.

"Kwa hiyo umefeli."

"Inawezekana." Alipandisha mnyororo, akapangusa mikono kwenye suruali. "Lakini wewe umefaulu. Nilikuwa nasikia kalamu yako. Ilikuwa haisimami."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kushika lile shati la vumbi. Badala yake nilisema tutaonana matokeo yakitoka, nikaenda zangu na gauni langu, na moyo wangu ukabaki pale langoni unasaidia kusukuma baiskeli.

Matokeo yalitoka mwezi wa tatu. Nilifaulu. Fasihi ya Kiingereza nilipata alama ya juu kabisa kituoni, na Mwalimu Isaka, mtu asiyependa maneno, alinishika mkono akasema "Mwaija" mara moja tu, ikatosha. Shida alifaulu. Wale walioimwaga insha yangu yote kama walivyoikariri, majibu yao ya somo lile yalifutwa. Na Mdoe alifeli. Somo lile moja lilimkosesha cheti.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, wazee walikaa barazani kwetu Kerenge. Mjomba na Muhidini walikuwepo, maana jambo lilianzia kwao. Mshenga wa Handeni alikuwepo, na nyuma yake, pembeni kabisa ya mkeka, Mdoe, kanzu nyeupe, macho chini. Mimi nilikuwa ndani na shangazi, nyuma ya pazia, kama desturi ilivyotaka: neno la binti hupokelewa na shangazi, shangazi hulifikisha nje.

"Wazee," baba alianza, "binti yangu amefaulu. Mmelisikia jina lake, na langu. Nilitoa neno, nalo liko pale pale: atachagua. Lakini mimi ni baba, na baba ana ulimi. Huyu kijana wa Handeni nilimpenda kwa heshima yake. Sasa nasikia amefeli. Mke awe na cheti, mume hana? Nyumba gani hiyo? Nani atamsikiliza nani?"

Wazee waliguna. Mjomba akasema kwa upole kwamba Muhidini naye hana cheti, lakini hajawahi kukitafuta akakikosa. Watu wakacheka, na kicheko kile kilinichoma mbavu, kwa sababu nilimwona Mdoe kupitia upenyo wa pazia, amekipokea bila kutikisika.

Kisha Mdoe mwenyewe akasimama.

"Wazee wangu, mniwie radhi. Mimi sikuja kugombea. Nimefeli na mzee amesema kweli. Mwalimu Mwaija ni mtu wa kuchaguliwa na watu wakubwa. Sitaki achaguliwe na huruma yake. Nimekuja kuiondoa posa yangu mwenyewe kwa mkono wangu, nirudi Handeni."

Shangazi alinishika kiwiko. "Niambie, mwanangu. Nikawaambie nini?"

"Usiwaambie kitu, shangazi," nilisema. "Nitawaambia mwenyewe."

Nilifungua pazia. Wazee waligeuka wote kwa pamoja. Mmoja akasema astaghafirullahi. Nilipiga goti, nikawaamkia, kisha nikasimama, kwa sababu maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya kusemwa kwa goti.

"Baba, ulisema nikifaulu nitachagua. Hukusema nichague aliyefaulu."

Baba aliinua kichwa, akanikazia macho.

"Huyu hapa," nikaendelea, "alikuwa na jibu zima kichwani. Jibu lililonipa mimi jina kabla ya mtihani. Angebadili maneno mawili matatu angekuwa na cheti leo, wala mtu asingejua. Akaliacha, kwa sababu halikuwa lake. Na ile siku ya kusoma, ambayo sisi sote tulijifungia ndani na vitabu, yeye aliitumia njiani kuwaokoa watu ambao wengine walimtukana. Alikosea, na kosa lake nililiona mimi kabla yenu. Lakini nimeona pia alivyolilipa. Mwanamume anayeweza kuacha kisicho chake hata kikiwa mkononi mwake, huyo ndiye ninayemtaka."

"Mwaija," Mdoe alisema, "nimesema sitaki huruma."

"Huruma!" Nilimgeukia. "Mdoe, unanijua mimi. Umepata kuniona nina huruma? Mwaka huu utakaa tena mtihani ule, na nitakufundisha mimi, na utasoma maana mpaka uione ndotoni. Ukifeli tena nitakuaibisha mbele ya hao hao wa Sindeni. Hiyo ndiyo huruma yangu. Unaitaka au unarudi Handeni?"

Muhidini ndiye aliyecheka wa kwanza, Mungu ampe heri, kicheko safi kisicho na kinyongo. "Mzee Mhina," alimwambia baba, "mimi na michungwa yangu tumesalimika."

Hapo baraza zima likapasuka. Baba peke yake hakucheka. Alimtazama Mdoe kwa muda mrefu, kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, kisha akanitazama mimi, na taratibu kidevu chake kikapanda juu kama cha mtu anayepigiwa ngoma.

"Mmemsikia?" aliwauliza wazee. "Huyo ni binti yangu. Hakuna aliyempangia maneno hayo." Akanyoosha mkono wake kwa Mdoe. "Haya, kijana. Umetaka. Jibu swali la mwalimu wako."

Mdoe aliushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Ninaitaka," alisema.

Desturi ilitaka niinamishe kichwa wakati ule, nijifunike kanga, nirudi ndani nikitabasamu kwa siri. Sikuinamisha. Nilimtazama mume niliyemchagua, mbele ya mjomba na mshenga na wazee wote wa Kerenge, mpaka yeye ndiye aliyeona haya.